Mwongozo Kamili: Kumfundisha Mtoto Tenisi kwenye Kambi ya Likizo Mpaka Apigiane Mipira Kumi

Malalamiko ni yale yale kila likizo. Watoto wamekaa kambini siku tano, wanajua kushika raketi, wanajua hata kuguna kama wachezaji wa kwenye televisheni, lakini wawili wakisimama pande mbili za wavu, mpira hauvuki mara tatu. Kosa si lao. Lilianza asubuhi ya kwanza, walipopewa mpira wa njano wa watu wazima, uwanja mzima wa mita 23.77, na foleni ya watoto kumi na wawili mbele ya kocha mmoja.

Mwongozo huu ni wa watoto wa miaka 6 hadi 10 ambao hawajawahi kushika raketi, kwa kambi ya siku tano, muda wa saa mbili kila siku. Lengo ni moja: Ijumaa, watoto wawili wapigiane mipira kumi mfululizo juu ya wavu wa sentimita 80. Wa miaka 6 wakifika sita, wamefanya kazi. Umbo zuri la mkono, sevu kali (mpigo wa kuanzisha mchezo) na mengineyo hayamo kwenye hesabu ya wiki hii.

## Vitu vya kuandaa kabla ya Jumatatu

Hesabu hii ni ya watoto wanane na mwalimu mmoja. Ukiwa na kumi na sita, tafuta mwalimu wa pili. Usiongeze foleni.

Raketi 8, na 2 za akiba. Urefu huandikwa kwa inchi. Kwa kawaida inchi 21 humfaa mtoto wa miaka 5 hadi 6, inchi 23 wa miaka 7 hadi 8, na inchi 25 wa miaka 9 hadi 10. Lakini umri hudanganya, kwa hiyo pima. Mtoto asimame wima, mkono ukining'inia, ashike mwisho wa mpini. Kichwa cha raketi kinatakiwa kikaribie ardhi au kiiguse kidogo tu. Akilazimika kuinua bega au kukunja kiwiko ili raketi isiburuzike, ni ndefu. Mtoto wa miaka 7 aliyepewa raketi ya baba yake, ya inchi 27, ataishika katikati, karibu na shingo, na kila akipiga mpini utamchoma mbavuni.

Mipira 24 ya hatua nyekundu, yaani ngazi ya kwanza ya tenisi ya watoto, mitatu kwa kila mtoto. Hii ni mipira laini, ya sponji au ya manyoya yenye rangi nyekundu, na huenda polepole kwa takriban asilimia 75 kuliko ule wa njano. Tangu 2012 kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi haziruhusu mpira wa njano kwenye mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini. Sababu ni hii: mpira wa njano ukidunda humfikia mtoto begani au juu ya kichwa, na hakuna anayejifunza kupiga mpira ulio juu ya sikio lake.

Huna mipira myekundu? Okoteza ya njano iliyokufa kwenye klabu iliyo karibu, ambayo wachezaji wameshaiacha. Ijaribu kwanza: iachie kutoka urefu wa mita 2 juu ya saruji. Mpira mwekundu hurudi juu kama sentimita 70 hadi 83, ilhali wa njano mpya hupita mita 1. Uliokufa ukirudi chini ya sentimita 85, utakufaa, ila kumbuka uzito haujapungua, kwa hiyo bado huja kwa kasi na huuma mkononi.

Kwa walio Nairobi, Eldoret au Arusha, jambo hili ni zito zaidi. Hewa ya juu ni nyepesi, mpira husafiri mbali na hudunda sana. Ndiyo maana kuna mipira maalumu ya kuchezea mahali palipo juu ya mita 1,219 kutoka usawa wa bahari. Mpira wa sponji hauna hewa ya kushindiliwa ndani, kwa hiyo mwinuko hausumbui mdundo wake sana.

Kamba ya mita 30, viti 5, na vitambaa chakavu. Huu ndio wavu wako. Fungia vitambaa kwenye kamba kila baada ya nusu mita, vining'inie. Bila vitambaa, mtoto haoni kamba, na mtabishana siku nzima kama mpira ulipita juu au chini.

Chaki au utepe, futi ya kupimia, chupa 16 za nusu lita zilizojazwa mchanga, ndoo 2 za kukusanyia mipira, filimbi, plasta. Chupa ni shabaha na ni alama za mipaka. Viatu viwe raba zenye soli bapa. Ndala hapana: mtoto akikanyaga mpira akiwa na ndala, kifundo cha mguu kinateguka.

## Kuchora uwanja

Kiwanja kidogo cha hatua nyekundu ni mita 11 kwa mita 5.5, wavu sentimita 80 katikati. Huhitaji uwanja wa tenisi.

Uwanja wa netiboli wa shule, wenye mita 30.5 kwa 15.25, unatoa viwanja vinne. Pitisha kamba katikati, kwa mwelekeo wa goli hadi goli. Sasa chora viwanja vinne vikikatiza kamba, upana mita 5.5 kila kimoja, na nafasi ya mita 2 baina yao. Weka kiti kimoja kila mwisho wa kamba na kimoja katika kila nafasi ya katikati, kamba isilegee. Nyuma ya kila mstari wa mwisho zitabaki mita 2 na kidogo.

Kama mna uwanja halisi wa tenisi, geuzeni mchezo ubavu: upana wake wa mita 10.97 ndio urefu wa kiwanja cha watoto, na mistari ya pembeni ya wawili wawili, ile ya nje kabisa, inakuwa mistari ya nyuma.

Pima kamba kwa futi katikati ya kila kiwanja, usikisie kwa macho. Ikishuka hadi sentimita 60 watoto watajifunza kupiga bapa, na siku watakayokutana na wavu halisi wa sentimita 91.4 kila mpira utaishia humo.

## Hatua ya 1: Kushika raketi (dakika 10, zisizidi)

1. Mtoto aweke kiganja wazi juu ya nyuzi za raketi.
2. Akiteleze taratibu kushuka hadi kwenye mpini.
3. Afunge vidole, kidole cha shahada kikiwa kimejitenga kidogo na vingine, kama anayeshika mwiko wa ugali.

Faida yake ni kwamba kiganja na uso wa raketi sasa vinatazama upande mmoja. Unaweza kumwambia, "Kiganja chako kikitazama mbinguni, mpira utaenda mbinguni," na ataelewa bila somo lingine.

Mtoto wa mashoto mwache na mashoto yake. Nyumbani huenda amekatazwa kula chakula au kusalimia kwa mkono huo, na anaweza kukupa wa kulia kwa adabu tu. Mtupie mpira bila kumwambia kitu, uone ataurudisha kwa mkono upi. Huo ndio mkono wa raketi.

Usirudie somo la mshiko zaidi ya mara moja kwa siku. Mkono hujirekebisha wenyewe mpira unapoanza kwenda.

## Hatua ya 2: Kurusha na kudaka bila raketi (dakika 25 siku ya kwanza)

Hapa ndipo kambi nyingi huruka, na hapa ndipo kupigiana huanzia. Mtoto asiyeweza kudaka mpira baada ya mdundo mmoja hawezi kuupiga. Raketi inamwongezea tu urefu wa kukosa.

1. Wawili wawili, kila mmoja mita 3 kutoka kwenye kamba.
2. Mmoja arushe kwa mkono wa chini, mpira upite juu ya kamba, udunde mara moja.
3. Mwenziwe audake kwa mikono miwili mbele ya tumbo.
4. Wote waseme kwa sauti: "Dunda!" mpira unapogusa chini, "Daka!" unapofika mikononi.

Hayo maneno mawili si wimbo wa kuchangamsha. Yanafundisha sikio na jicho mwendo wa mpira. Kesho "daka" itageuka "piga", na mtoto atakuwa ameshajua wakati wake.

Kosa utakaloliona: mtoto anasimama kama mlingoti, mpira unamjia usoni, anaukinga. Mwambie asogee nyuma hatua mbili na audake ukiwa unashuka. Mwingine atadaka pembeni ya mwili kwa mkono mmoja. Mwekee sharti: vidole vya miguu viutazame mpira wakati wa kudaka. Atalazimika kutembea.

Utajua wameweza wawili wakidaka 8 kati ya 10 bila wewe kusema neno.

## Hatua ya 3: Kuuzoea mpira kwenye raketi (dakika 10)

Kudundisha mpira chini kwa raketi mara 10. Kuurushia juu kidogo mara 10. Kutembea nao hadi kwenye kamba na kurudi ukiwa umetulia juu ya nyuzi. Basi. Likizidi dakika kumi, zoezi hili linakuwa sarakasi.

Kanuni ya usalama itolewe hapa, kabla ya mtoto yeyote kuzungusha mkono: kila mmoja anyooshe raketi na azunguke mzima. Ikimgusa mwenziwe, wasogee. Filimbi ikilia, raketi zote kwapani.

## Hatua ya 4: Kudundisha na kupiga

Kama una muda wa kufundisha jambo moja tu vizuri, liwe hili. Ndilo litakalotumika kuanzisha kila mpira wiki nzima, maana sevu ya juu bado haijafika.

1. Mtoto asimame ubavu, bega la mkono usio na raketi likielekea kwenye kamba. Miguu iachane kwa upana wa mabega.
2. Raketi iwe nyuma tayari, kichwa chake chini kidogo ya kiuno. Asianze kuirudisha mpira ukiwa umeshaachiwa. Atachelewa.
3. Mkono mwingine unyooke mbele ukiwa na mpira, usawa wa bega. Auachie tu. Asiutupe juu wala asiusukume chini.
4. "Dunda!" Mpira unapanda. Unapofika usawa wa kiuno, mbele kidogo ya mguu wa mbele: "Piga!"
5. Raketi itoke chini iende juu, imalizie juu ya bega la pili. Mtoto abusu mkono wake wa juu, karibu na bega. Watacheka, lakini watamalizia mpigo.

Simama pembeni uangalie mpira, usiangalie mkono. Mpira utakuambia kosa liko wapi.

Ukiingia kwenye kamba: raketi ilitoka juu ikashuka, au mpira uliachwa ukaanguka hadi magotini. Weka chupa mguuni pake na umwambie raketi ianzie usawa wa kifuniko.

Ukienda juu kama ndege: kiganja kimetazama mbinguni wakati wa kupiga, mara nyingi kwa sababu kifundo cha mkono kimelegea. Afanye mipigo mitano akiwa amekaza kifundo kana kwamba kimefungwa bandeji.

Ukienda kulia, kwa anayetumia mkono wa kulia: amechelewa, mpira umeshampita nyonga. Auachie mbele zaidi.

Ukienda kushoto: amewahi, au anauzungusha mwili wote kabla ya mkono. Mwambie kitovu kisitazame kamba mpaka mpira uondoke.

Akikosa kabisa: macho yameshaenda upande wa pili kuona mpira utaangukia wapi. Andika herufi kwa kalamu juu ya mpira na umwulize ni ipi alipoupiga. Hata asipoiona, atakuwa ameutazama.

Kosa moja kwa wakati mmoja. Ukimwambia mtoto wa miaka 7 "mguu, kiwiko, kiganja, na usisahau bega", atasimama akukodolee macho.

Utajua ameweza mipira 6 kati ya 10 ikivuka kamba na kuangukia ndani ya kiwanja.

## Hatua ya 5: Mpira wa kurushiwa

Sasa mpira unatoka kwa mtu mwingine. Mrushaji asimame mita 3 tu mbele ya mpigaji, ubavuni kidogo, arushe kwa mkono wa chini, mpira udunde na ufike kiunoni kwa mpigaji. Watoto warushiane wao kwa wao, mipira sita halafu wabadilishane.

Wafundishe kurusha kwa uangalifu ule ule uliofundisha kupiga. Mrushaji anayerusha kwa nguvu humharibia mwenziwe, kisha wewe unamrekebisha asiye na kosa.

Baina ya mpigo na mpigo, mpigaji arudi tayari: magoti yamekunjwa kidogo, raketi mbele ya tumbo, mkono wa pili umeishika shingoni. Mpira ukiondoka mkononi mwa mrushaji, aruke kidogo na atue kwa miguu yote miwili. Ruko hilo dogo ndilo linalomwezesha kwenda kulia au kushoto. Aliyesimama kwa visigino hawezi.

Hapa pia ndipo foleni hujipenyeza. Piga hesabu: watoto kumi na wawili kwenye mstari, kila mmoja anatumia sekunde 10, basi kwa saa nzima mtoto anapiga mipira 30. Kwa wawili wawili, atapiga hiyo 30 kabla hujamaliza kuzunguka viwanja vinne.

## Hatua ya 6: Bekihendi, kwa mikono miwili

Bekihendi ni mpigo wa upande usio wa mkono wa raketi. Mkono mmoja hautoshi nguvu kwa umri huu. Mkono wa raketi ukae chini kwenye mpini, mwingine juu yake, vikigusana. Anayetumia wa kulia ageuke bega la kulia likielekea kamba, na mkono wa kushoto ndio usukume. Watoto wengi husukuma kwa wa kulia na mpira unakufa. Tiba ni mipigo mitano kwa mkono wa kushoto peke yake, kisha rudisha wa kulia. Mengine yote ni kama hatua ya 4.

## Hatua ya 7: Kupigiana

Usiwapeleke moja kwa moja kwenye mistari ya nyuma. Safari iwe hivi:

1. Mita 2 kutoka kwenye kamba kila upande. Mmoja anadundisha na kupiga, mwenziwe anarudisha. Wahesabu kwa sauti, wote wawili: "Moja! Mbili!"
2. Wakifika 6 mfululizo, kila mmoja arudi nyuma hatua moja.
3. Wakishindwa mara tatu, wasogee mbele hatua moja. Si adhabu, waambie hivyo.
4. Mpira ukidunda mara mbili siku ya tatu, uhesabiwe. Siku ya nne, mdundo mmoja tu.

Hesabu ni ya wawili kwa pamoja. Mkianza kushindana mapema, mwenye nguvu anapiga kwa hasira, mnyonge anaokota mipira, na jioni anamwambia mama yake tumbo linamuuma.

Badilisha wenza kila baada ya dakika 8. Andika rekodi ya kila jozi kwa chaki pembeni ya kiwanja, waione. Rekodi ya 4 ikifutwa na kuandikwa 7, huna haja ya kuwasukuma tena.

Mpira unaenda mbali kila mara? Usiseme "punguza nguvu". Weka chupa mita 2 nyuma ya kamba, upande wa pili, na useme mpira udunde karibu na chupa. Mtoto akipewa mahali pa kulenga, nguvu hujipima.

## Hatua ya 8: Sevu fupi

Dakika 15 siku ya nne. Kwanza warushe mpira kwa mkono wa juu kuvuka kamba, kama wanaorusha jiwe kwenye embe. Mwendo wa mkono ni huo huo. Kisha raketi ianzie nyuma ya bega tayari, mkono mwingine uurushe mpira juu kidogo kuliko raketi iliyonyooshwa, mbele ya uso. Asiyeweza aanzishe kwa kudundisha, hata kwenye mechi.

## Hatua ya 9: Mechi ya Ijumaa

Hadi pointi 7, kila mtoto akianzisha mara mbili mfululizo. Hesabu ya pointi ya tenisi halisi, ya kumi na tano, thelathini na arobaini, iache hadi kambi ijayo. Mpira uliogusa mstari ni mzima. Kila mchezaji huamua mipira ya upande wake, na akiwa na shaka, pointi ni ya mwenziwe. Usiwe refa wa viwanja vinne, hutaweza.

## Ratiba ya siku tano

Saa mbili hadi saa nne asubuhi, kabla saruji haijaanza kuchoma. Maji kila dakika 20, hata kwa asiyeona kiu.

- Jumatatu: hatua ya 1, 2, 3, na robo saa ya hatua ya 4.
- Jumanne: kurusha na kudaka dakika 10, kisha hatua ya 4 na 5.
- Jumatano: hatua ya 6, halafu kupigiana hadi mwisho.
- Alhamisi: kupigiana, sevu, kupigiana tena.
- Ijumaa: kuhesabu rekodi mbele ya wazazi, kisha mechi.

Mvua ikikukatia siku, toa sevu. Usitoe kurusha na kudaka.

## Baada ya kambi

Mpe mtoto mpira mmoja aende nao. Nyumbani achore mstari wa chaki ukutani, sentimita 80 kutoka chini, asimame mita 3, apige juu ya mstari na kuhesabu. Ukuta usiwe wa jirani anayelala mchana.

Asubiri kuhamia ngazi inayofuata, ya mpira wa rangi ya chungwa na kiwanja cha mita 18, mpaka apigiane 20 kwenye kiwanja kidogo, akipiga forihendi (mpigo wa upande wa mkono wa raketi, ule wa hatua ya 4) na bekihendi bila kukimbia upande mmoja. Akivushwa mapema, utaona amerudi kuupiga mpira juu kama ndege.